Kerneli ya Linux ichaguliwe kwa kumtazama atakayeleta viraka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi wenzangu wa kompyuta, pamoja na wakuu wa shule, makatibu na wahasibu wanaotia saini kazi zetu, kuhusu uamuzi ambao mara nyingi hufanywa na mtu mmoja bila kuulizwa na yeyote, na ambao hasara yake huja kuonekana wakati mtu huyo ameshaondoka. Uamuzi huo ni wa kerneli: ni ipi iwekwe kwenye mashine zinazotumia Linux, na msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, utoke mikononi mwa nani. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kwa taasisi inayohudumia watu, fundi asiichague kerneli kwa ukubwa wa namba ya toleo wala kwa kasi anayoitarajia. Atazame kwanza nani atakayeleta viraka vya usalama, yaani masahihisho ya msimbo yanayoziba matundu, mwakani na mwaka wa tatu, na kama viraka hivyo vitafika kwenye mashine hata yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Kwa msomaji asiye fundi, kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kusoma na kuandika kwenye diski, kupokea na kutuma data za mtandao, na kuwasiliana na kila kifaa kilichochomekwa. Programu nyingine zote hupitia kwake, hivyo tundu likiwa kwenye kerneli hakuna faili wala nywila iliyo salama juu yake. Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, na mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuuchukua msimbo chanzo, kuubadili na kuusambaza, mradi naye awaachie wanaopokea kutoka kwake haki hizo hizo. Kwa sababu ya ruhusa hiyo, leo kuna kerneli nyingi zenye asili moja: ile inayotolewa kwenye kernel.org, tovuti rasmi ya kerneli, zile za distro (mikusanyo ya Linux iliyotayarishwa na watunzaji wake) kama Debian na Ubuntu, zile za simu za Android, na ndani ya Gentoo, distro ambayo mtumiaji hujijengea programu zake kutoka kwenye msimbo chanzo, mtu hukuta orodha nzima ya kuchagulia. Uhuru huu naupenda na nimeutegemea katika kazi yangu yote. Ndiyo maana naumia ninapoona ukitumiwa ovyo katika mashine za watu wasio na namna ya kujua wamewekewa nini.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la namba. Fundi anafungua kernel.org, anaona toleo lenye namba kubwa kuliko yote, analipakua, na kumwambia mwalimu kwamba maabara yake sasa ina kerneli ya kisasa kuliko zote. Utaratibu wa matoleo haumsaidii. Toleo kuu jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi: wiki mbili za mwanzo ni za kupokea mabadiliko mapya, na zinazofuata ni za kuyajaribu na kuyasahihisha. Likishatoka, tawi lake, yaani mfululizo wa masahihisho chini ya namba hiyo, hupokea viraka kwa miezi michache tu, kisha hufungwa mara baada ya toleo linalofuata kushika nafasi. Takriban tawi moja kwa mwaka huteuliwa kuwa la muda mrefu, na hilo ndilo linaloendelea kutunzwa kwa miaka. Matawi ya namna hiyo ni pamoja na 5.10 la Desemba 2020, 5.15 la mwaka 2021, 6.1 la Desemba 2022, 6.6 la Oktoba 2023 na 6.12 la Novemba 2024. Aliyeweka 6.7 ilipotoka Januari 2024 alikuwa na namba kubwa kuliko jirani yake aliyebaki na 6.6, lakini kufikia Aprili mwaka huo huo tawi lake lilikuwa limefungwa, huku la jirani likiendelea kupokea masahihisho.

Niliwahi kuitwa katika shule moja ya sekondari ambako modemu mpya ya USB ilikataa kufanya kazi kwenye mashine zote za maabara, ingawa kwenye kompyuta mpakato ya mwalimu wa fizikia ilishika mtandao papo hapo. Niliandika amri ya uname -r, inayoonyesha toleo la kerneli, ikajibu kwa namba ya tawi lililokwisha kufungwa, na mwisho wa namba hiyo fundi aliyetangulia alikuwa ameongeza jina lake la utani. Kerneli aliijenga mwenyewe, yaani aliugeuza msimbo chanzo kuwa programu, kwa kutumia localmodconfig, amri inayochukua moduli (vipande vya kerneli vinavyoendesha vifaa) zile tu zinazotumika wakati huo na kuacha nyingine zote. Hurahisisha ujenzi na kuokoa muda, lakini kifaa ambacho hakikuwa kimechomekwa siku ile hakipati moduli yake. Modemu haikuwepo siku ile. Nikatafuta faili ya usanidi, inayoorodhesha kilichochaguliwa wakati wa kujenga, kwenye /boot, folda ya kerneli ili niongeze moduli iliyokosekana na kujenga upya, sikuiona. Nikatazama /proc/config.gz, haikuwepo, kwa kuwa chaguo la kuhifadhi usanidi ndani ya kerneli yenyewe halikuwashwa. Folda ya msimbo chanzo ilikuwa imefutwa ili kupata nafasi kwenye diski. Shule ilikuwa na programu huria kwa jina na leseni, lakini kwa vitendo ilikuwa na kitu kilichofungwa kabisa, kisichoweza kusahihishwa na mtu yeyote. Tuliweka kerneli ya Debian, modemu ikawaka, na lililonisumbua zaidi ni muda wote ambao mashine zile, zenye alama za mitihani na taarifa za wanafunzi, zilikaa bila kiraka hata kimoja.

Wapo watakaosema kwamba maabara ya shule si benki. Naomba watazame historia ya matundu ya kerneli yenyewe. Mwezi Machi 2022 lilitangazwa tundu lililoitwa Dirty Pipe, lililogunduliwa na Max Kellermann, ambalo lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya faili ambazo anaruhusiwa kuzisoma tu, na kwa njia hiyo kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Kwa maneno mengine, mwanafunzi mwenye akaunti ya kawaida kwenye seva ya shule angeweza kuwa msimamizi wake. Tundu liliingia na toleo 5.8, na kiraka kilitolewa katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102, yaani katika matawi yaliyokuwa yakitunzwa wakati huo. Aliyekuwa kwenye 5.10 ya Debian alisasisha kwa amri moja na kuwasha mashine upya. Aliyekuwa amejijengea 5.12 au 5.13 kutoka kernel.org hakupata kiraka katika tawi lake, kwa sababu lilishafungwa. Ilimpasa ahamie tawi jingine na kujenga kerneli upya, akiwa bado yupo na akiwa anafuatilia taarifa za usalama. Kabla ya hapo, tundu la Dirty COW lililotangazwa Oktoba 2016 lilikuwa limelala ndani ya kerneli tangu mwaka 2007. Matundu ya aina hii hayajaisha na hayataisha, kwani msimbo wenyewe ni mamilioni ya mistari na unabadilika kila siku.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara dhidi ya kerneli za distro ni kwamba zimepitwa na wakati. Sehemu ya dhana hiyo inatokana na namna namba zinavyoonekana. Kwenye Debian 12, uname -r huonyesha 6.1.0 na nyongeza ya kifurushi, na wengi wakiiona hudhani ni toleo la kwanza kabisa la 6.1, lisilowahi kuguswa. Waandike uname -v, watakuta namba halisi ya toleo la 6.1 ambalo kifurushi kimejengwa nalo, likiwa na masahihisho yote yaliyokusanywa hadi hapo. Watunzaji wa Debian hulifuata tawi la muda mrefu la kernel.org, huongeza viraka vyao wanapoona inafaa, na huwasha karibu moduli zote zenye maana, ndiyo maana kifaa kilichonunuliwa jana dukani mara nyingi hukubali bila fundi kuitwa. Ubuntu nayo ina njia mbili ambazo fundi anapaswa kuzijua: kerneli ya mwanzo iliyotoka na toleo la LTS, yaani la usaidizi wa muda mrefu, na kutunzwa hadi mwisho wa toleo hilo, na ile ya HWE (ya kusaidia vifaa vipya) inayosogezwa mbele kila baada ya muda kwa ajili ya mashine mpya. Kwa mashine zisizobadilika, ya kwanza inatosha na inasumbua kidogo.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba tawi la muda mrefu halikosei. Desemba 2023, toleo 6.1.64 lilibeba kiraka cha mfumo wa faili wa ext4 kilichoteremshwa kutoka tawi jipya bila badiliko jingine lililopaswa kukitangulia, na matokeo yake yalikuwa hatari ya data kuharibika kwenye diski. Debian walikuwa wakijiandaa kutoa 12.3. Waliisimamisha, wakawaonya watumiaji wasisasishe, na 12.4 ikatoka badala yake tarehe 10 Desemba ikiwa na kerneli iliyosahihishwa. Hapo ndipo ninapoona thamani ya kuwa na watu wengi kwenye chanzo kimoja: kasoro ilionekana, onyo likatolewa hadharani, na dawa ikafika haraka. Fundi aliyejijengea toleo hilo peke yake angejua vipi? Wakati huo huo kisa hiki kinatufundisha tusisasishe mashine zote siku moja, na tusifute kerneli ya zamani kwenye /boot kabla ya mpya kufanya kazi vizuri kwa siku kadhaa, ili menyu ya GRUB, inayochagua kerneli mashine inapowashwa, iwe na pa kurudi.

Sasa nije kwa Gentoo, kwa kuwa vijana wengi wa vyuo wanaoipenda kazi hii hujifunza kwa kuijenga, na mimi nawaunga mkono kwa moyo wote. Mtu akishaipitia menuconfig, menyu ya kuchagua usanidi wa kerneli, kwa makini, akajua kwa nini kiendeshi cha diski (programu inayoiwezesha kerneli kuitumia diski) kiwe ndani ya kerneli au kwenye initramfs, faili ndogo inayopakiwa mashine inapoanza kuwaka, anaielewa mashine kwa kina ambacho darasa peke yake halimpi. Lakini orodha ya vyanzo vya Gentoo humchanganya anayeanza. Ipo gentoo-sources, ambayo ni kerneli ya kernel.org pamoja na viraka vichache vinavyotunzwa na Gentoo wenyewe. Ipo vanilla-sources, inayoletwa kama ilivyotoka kwa Torvalds na watunzaji wa matawi thabiti bila nyongeza. Ipo git-sources kwa wanaojaribu matoleo ya majaribio, nayo isiwekwe kamwe kwenye mashine ambayo mtu mwingine anaitegemea. Ipo zen-sources kwa wanaotaka kompyuta ya mezani iitikie upesi. Na tangu mwaka 2020 kuna gentoo-kernel na gentoo-kernel-bin, ambazo hujengwa au huletwa zikiwa tayari na usanidi mpana, na husasishwa pamoja na vifurushi vingine bila fundi kukaa na menuconfig kila mara.

Kwa anayejifunza kwenye mashine yake, gentoo-sources ndiyo ningemshauri, na ajenge mara nyingi awezavyo. Kwa seva ya taasisi inayotumia Gentoo, gentoo-kernel ya tawi la muda mrefu ndiyo inayofaa, na kama mashine ni dhaifu na ujenzi unakula saa nyingi, gentoo-kernel-bin ichukuliwe bila aibu. Najua wapo wanaoona kuchukua kerneli iliyojengwa tayari ni kuisaliti Gentoo. Mimi nauliza tu seva inamhudumia nani.

Orodha hiyo zamani ilikuwa na hardened-sources, na kisa chake kinastahili kukumbukwa. Ilitegemea viraka vya grsecurity, vilivyoimarisha usalama wa kerneli kwa namna ambayo wengi waliisifu. Aprili 2017 waliovitunza waliacha kuvitoa kwa umma, na kabla ya mwaka huo kwisha Gentoo ilikuwa imeiondoa hardened-sources. Watu waliokuwa wamechagua chanzo kilichoonekana salama kuliko vyote walijikuta hawana pa kupata kiraka kinachofuata. Viraka vya ck navyo, vilivyotungwa na Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Australia aliyejifunza kuandika programu mwenyewe, vilipendwa kwa miaka mingi na watumiaji wa kompyuta za mezani, kisha mwaka 2021 akaacha kuvitunza. Alikuwa na haki kamili ya kuacha kazi ya kujitolea, na simlaumu hata kidogo. Lakini chanzo kinachosimama juu ya mtu mmoja au kampuni moja ndogo kina hatari yake, na fundi anayekipendekeza kwa ofisi anapaswa kuisema hatari hiyo kabla ya saini kuwekwa.

Zipo sababu halali za kutoka nje ya kerneli ya kawaida ya distro. Kadi za Wi-Fi za Realtek za kuchomeka kwenye USB ni mfano wa karibu: msaada wa rtw88, kiendeshi cha kadi hizo, kwa njia ya USB uliingia kwenye kerneli katika toleo 6.2, hivyo mwenye 6.1 atalazimika kutafuta kiendeshi cha nje na kukijenga upya kila kerneli inapobadilika. Kwa hali hiyo, kerneli kutoka hazina ya backports ya Debian, yenye vifurushi vipya vilivyojengwa kwa ajili ya toleo lililopo, ni njia bora kuliko kupakua msimbo na kujijengea, kwa kuwa bado kuna watu wanaoileta. Wanaoendesha mitambo inayohitaji jibu ndani ya muda uliopangwa walikuwa wakibeba viraka vya PREEMPT_RT nje ya kerneli kuu kwa takriban miaka 20, tangu 6.12 vimo ndani, na sababu ya kutumia chanzo cha pembeni imepungua sana. Wapo pia wanaochagua Linux-libre, ambayo imeondolewa kila kipande kisicho na msimbo chanzo. Msimamo huo nauheshimu, ila mkuu wa shule aambiwe mapema kwamba kadi nyingi za Wi-Fi na baadhi ya kadi za picha hazitafanya kazi, asije akagundua siku wageni wa wilaya wanapokuja kukagua.

Suala la mashine kuukuu linatugusa zaidi, kwa kuwa maabara zetu nyingi zimejengwa kwa kompyuta zilizotumika Ulaya na kwingineko kabla ya kufika hapa. Zile za biti 32 zinaendelea kupoteza watunzaji. Baada ya Meltdown, kasoro ya usalama ya vichakataji, kutangazwa Januari 2018, kinga yake kwa kerneli ya biti 64 ilitoka mara moja, lakini kwa kerneli ya biti 32 ilisubiri hadi 4.19, mwezi Oktoba mwaka huo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena kerneli wala kisakinishi cha biti 32 kwa kompyuta za aina hiyo. Anayepokea msaada wa mashine hizo leo ajue kwamba hata fundi hodari atamwachia kerneli ambayo watu wanaoitunza wanazidi kupungua, na pengine ni busara kuikataa zawadi hiyo kwa upole na kuomba chache zenye biti 64.

Kuhusu bando, ambalo ndilo kisingizio kikuu cha kutosasisha, msimbo chanzo wa kerneli ya sasa uliobanwa unazidi megabaiti 130, na bado haujaanza kujengwa. Kwa distro, mashine moja ikiwekewa apt-cacher-ng hupakua kifurushi mara moja na nyingine zote hukichukua kwake kupitia mtandao wa ndani. Gharama inagawanyika na kisingizio kinaisha. Jambo nisilokubaliana nalo kabisa ni kupeana msimbo chanzo kwenye flashi kati ya fundi na fundi bila kuukagua. Mwaka 2011 seva za kernel.org zenyewe ziliingiliwa na wavamizi. Historia ya msimbo ililindwa na namna Git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, inavyofunga kila badiliko kwa alama yake, lakini tukio hilo liliwafanya watunzaji wakaze utaratibu wa saini. Kila toleo lina faili yake ya saini, nayo hukagua faili ya .tar baada ya kufunguliwa kutoka .xz, hatua ambayo wengi huiruka kwa sababu jaribio la kwanza juu ya faili iliyobanwa hukataa. Anayetumia vifurushi vya distro hufanyiwa ukaguzi wa saini na apt, programu ya Debian na Ubuntu ya kuweka vifurushi, bila yeye kuomba.

Mwisho, Mhariri, ninalo ombi kwa wanaopokea kazi zetu. Mwaka 2023 watunzaji wa kerneli walieleza kwamba matawi ya muda mrefu yatapunguziwa muda wa kutunzwa kutoka miaka sita kuelekea miwili, kwa kuwa kazi ni nzito na watu ni wachache. Kwa hiyo hata chaguo zuri la leo lina tarehe ya kwisha, na tarehe hiyo inapaswa kuwemo kwenye bajeti. Debian 12, kwa mfano, ina usaidizi wa LTS hadi Juni 2028. Kabla ya kumlipa fundi, mkuu wa taasisi adai karatasi moja iliyoandikwa jina la chanzo cha kerneli, tawi lake, mwezi ambao utunzaji wake utakoma, amri ya kusasisha, na jina la atakayeitekeleza. Kama kerneli imejengwa kwa mkono, faili ya usanidi ihifadhiwe sehemu mbili, moja ikiwa nje ya mashine hiyo, na sababu ya kuijenga iandikwe kwa Kiswahili ambacho mwalimu anaweza kukisoma. Fundi akishindwa kuijaza karatasi hiyo, malipo yasubiri mpaka aijaze.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kompyuta, Morogoro